Kwa Nini Neema Hajatembea

Wajukuu, mmeniuliza kwa nini Neema wa hadithi yetu ana miaka 4 na bado hajatembea, na akishika kikombe vidole vinakakamaa, uji unamwagika. Mmoja wenu kanong'ona eti karogwa. Hakurogwa. Neema ana mtindio wa ubongo.

Ubongo ndio unaoamuru mkono ushike na mguu ukanyage. Ukiumia ungali mchanga, amri hazifiki sawasawa. Wala mtindio huo hauambukizi, kuleni naye sahani moja.

Sasa aliumiaje? Mama yake alishikwa na uchungu usiku wa masika, akachelewa kufika zahanati. Neema akatoka kimya, kalegea, hana pumzi. Mtoto wa namna hiyo mkunga humkausha upesi na kumsugua mgongo. Asipolia, humfunika pua na mdomo kwa barakoa ndogo, akaminya mfuko wa hewa taratibu mpaka kifua kipande. Hayo yote yaanze ndani ya dakika 1, maana ubongo hauvumilii kukosa hewa. Wakunga wa hospitali 8 za Tanzania walipofundishwa hivyo, kuanzia 2009, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua karibu nusu. Nikikumbuka hilo, moyo wangu hufurahi kweli.

Wengine huumia kwa kuzaliwa njiti, au kwa manjano makali: mtoto mchanga akigeuka njano macho na nyayo, apelekwe hospitali, kuanikwa juani hakutoshi. Mara nyingine hata daktari haoni chanzo, kwa hiyo mama asinyooshewe kidole.

Kisha ipo malaria, na hapa Msangano, bondeni penye joto na mpunga, mbu tunawajua. Kule Iganga na Mayuge, Uganda, watafiti walieleza mwaka 2017 kwamba karibu robo ya watoto wenye mtindio wa ubongo waliumia wakiwa wamekwisha kupita uchanga, wengi wao kwa malaria iliyopanda kichwani. Walizaliwa wazima!

Basi mdogo wako akichemka homa na kushikwa degedege, mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, mwite mtu mzima. Aende zahanati usiku huohuo, msingoje kuche.