Kifua Kinavyosomwa kwa Jicho, Mkono na Sikio

Tarehe 8 Novemba 1867 David Livingstone, mmisionari aliyekuwa pia daktari, alifika Ziwa Mweru. Januari 1869, akiwa njiani kuelekea Ziwa Tanganyika, aliandika katika shajara yake kwamba hawezi kutembea: ana nimonia ya pafu la kulia, anakohoa usiku na mchana, na makohozi yake yana rangi ya kutu. Mohamad Bogharib, mfanyabiashara aliyesafiri naye, akaagiza abebwe kwa machela. Eksirei ilikuwa bado kugunduliwa. Daktari wa zama hizo alikisoma kifua kwa njia nne: kutazama, kupapasa, kugonga na kusikiliza. Ndizo hizo hizo alizonazo mhudumu wa afya aliyeko leo kisiwani Chisenga, katika eneo la Ziwa Mweru, upande wa Nchelenge nchini Zambia.

Kugonga ndiko kunakowashangaza wengi. Leopold Auenbrugger alikuandikia kitabu Vienna mwaka 1761. Mvuvi hahitaji kukisoma: akitaka kujua petroli iliyobaki kwenye dumu la boti, hugonga ubavuni mwa dumu. Penye hewa panaitika, penye petroli sauti inakuwa nzito. Daktari hulaza kidole cha kati cha mkono mmoja juu ya kifua, kati ya ubavu na ubavu, akakigonga kwa ncha ya kidole cha mkono wa pili, akilinganisha kulia na kushoto. Pafu lenye hewa huitika; sauti nzito maana yake hewa imepungua hapo.

Lakini imepungua kwa nini? Huenda pafu lenyewe limejaa usaha na kuwa gumu, kama katika nimonia. Huenda pia maji yamejikusanya nje ya pafu, kati ya tando mbili zinazolizunguka, jambo ambalo kifua kikuu huweza kulileta. Kwa kidole kinachogonga, hali hizi mbili zinafanana.

Kinachozitenganisha ni kiganja. Mgonjwa hutamka namba kwa sauti nene huku daktari ameweka kiganja kifuani. Pafu gumu hupitisha mtetemo wa sauti vizuri kuliko pafu lenye hewa, kwa hiyo kiganja kinatetemeshwa zaidi. Maji huuzuia, kiganja kikatulia. Sikio huthibitisha. Juu ya maji pumzi husikika kwa mbali au haisikiki kabisa. Kwenye pafu gumu husikika kali na karibu, pengine na mlio kama wa nywele zinazosuguliwa kwa vidole kando ya sikio. Chombo cha kusikilizia, stetoskopu, kilianza kwa karatasi iliyoviringishwa na René Laennec, Paris, mwaka 1816.

Kwa mtoto mdogo ufundi huo wote hutatizika: analia, anajipindua, kifua chenyewe hakizidi kiganja. Hapo jicho linatangulia. Mama humpakata, nguo ikapandishwa, wakasubiri atulie bila kunyonya. Kisha pumzi huhesabiwa kwa dakika nzima, kupanda na kushuka kwa kifua kukiwa ni pumzi moja. Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka: kwa aliye chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni za haraka, miezi miwili hadi kabla ya mwaka, 50, mwaka mmoja hadi kabla ya mitano, 40. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani kila anapovuta pumzi, mhudumu wa jamii hufundishwa kumpa rufaa.

Nchelenge ina malaria kwa wingi, na hapo ndipo ninapoona hatari kubwa. Homa ya malaria nayo huongeza kasi ya pumzi, na kipimo cha damu kikionyesha vimelea ni rahisi kuliweka shati la mtoto sawa na kuandika dawa. Malaria haimkingi mtoto na nimonia. Anaweza kuwa nazo zote mbili. Kwa hiyo pumzi zihesabiwe hata baada ya kipimo kujibu, kwa sababu mtoto wa Chisenga anayetakiwa kufika Hospitali ya St. Paul's huko Kashikishi lazima kwanza avuke maji, na boti haiondoki kila saa.