Fataki na Kifa

Mwalimu akaaye Matombo, katika milima ya Uluguru, hakosi kusikia habari za gobore, maana nguruwe-mwitu ni adui wa shamba. Lakini akiwauliza vijana maana ya fataki, huenda wakamcheka. Tangu matangazo ya redio ya mwishoni mwa miaka ya 2000, fataki kwao ni mtu mzima awarubuniye wasichana wa shule. Basi twapenda kueleza kitu chenyewe, kabla jina halijasahau lilikotoka.

Bunduki za zamani zilikuwa za gumegume: jiwe liligonga chuma, cheche zikaangukia baruti iliyowekwa kifani, na moto ukapenya tundu mpaka ndani. Mvua iliponyesha, bunduki ilinyamaza. Aliyetafuta njia nyingine alikuwa mchungaji, Alexander Forsyth wa Belhelvie katika Scotland. Alipenda kuwinda ndege, akachoka kuwaona wakiruka kwa ule mwako wa kwanza. Mwaka 1807 alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake, yaani kuwasha baruti kwa dawa ilipukayo kwa kugongwa tu. Baadaye dawa hiyo ikatiwa katika kikombe kidogo cha shaba, ndicho fataki. Kifa nacho kikawa kichuchu cha chuma chenye tundu, na fataki huvikwa juu yake kama kofia.

Vyombo vya kazi ni vichache: mdeki wa kushindilia, kipimo cha baruti, kitambaa cha kuzibia, na sindano ya kuzibulia kifa. Kwanza mdeki hutiwa mtutuni ili kujua kama mna kitu ndani. Mwenye busara huutia alama. Kisha baruti nyeusi, kizibo na risasi, na kushindilia. (Baruti ya kisasa isiyo na moshi haifai kamwe, mtutu hupasuka.) Fataki huja mwisho kabisa, mdomo wa bunduki ukielekea pasipo na mtu. Atanguliaye kuivika, kisha akashindilia, ameweka mkono wake mbele ya bunduki iliyo tayari kulia. Na vidole vikienda havirudi. Tena fataki iketi mpaka chini. Ikiwa juu juu, nguvu ya nyundo hupotea katika kuisukuma, wala haiwaki. Bunduki ikikataa kulia, isiinamiwe upesi, kwani moto huweza kukawia ndani.

Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za namna mpya zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaruhusu kwa masharti zile za gumegume zisizo na michirizi mtutuni. Si ajabu, basi, maneno ya bunduki kuukuu yakadumu bara.

Ng'ambo mambo yaliendelea. Baruti, risasi na fataki vilifungwa pamoja katika ganda moja la shaba, ambalo Waswahili waliliita kiasi, na jina hilo twalipenda, maana kazi ya kupima imekwisha fanywa humo. Siku hizi watu wengi husema risasi tu, neno ambalo asili yake kwa Kiarabu ni madini ya kuyeyusha. Fataki imehamia kitakoni mwa kiasi. Huko Marekani wako wawindaji wajazao viasi vyao nyumbani: huitoa fataki iliyokwisha, hulirudisha ganda katika kipimo chake kwa mtambo wa mkono, huingiza fataki mpya, hupima baruti kwa mizani, kisha hukaza risasi. Katika hayo, kuiketisha fataki ndiko kwenye hila. Yatakiwa ifike chini ya shimo lake, ikae chini kidogo ya uso wa kitako. Ikichomoza, yaweza kulipuka bunduki ifungwapo. Isipofika chini, huenda isiwake. Kwa hiyo mjazaji huipitishia kila moja ncha ya kidole, wala haamini macho peke yake. Ni kosa lile lile la gobore.

Kwetu Tanzania silaha na risasi zatawaliwa na sheria ya mwaka 2015, na gobore nalo lahitaji kibali. Jambo hili lafaa kusemwa kwa wazazi waliorithi bunduki ya babu.

Wengine wametuuliza waiiteje ile ya kitakoni. Sisi twaona iitwe fataki vile vile, kwani dawa yake hugongwa ikawaka kama ile ya juu ya kifa.