Istilahi za Bei za Vyakula: Mfano wa Soko la Kibaigwa

Kibaigwa, katika Wilaya ya Kongwa mkoani Dodoma, ni mji wenye soko kubwa la mahindi kando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Nafaka ya Kongwa na ya Kiteto hukusanywa hapo, huuzwa kwa jumla, kisha humfikia mlaji wa mjini kwa rejareja ikiwa sembe au dona. Katika safari hiyo bei hutajwa kwa gunia, kwa debe, kwa sado na kwa kilo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba takwimu za bei haziwezi kuwa sahihi kuliko maneno yanayotumiwa kuzikusanya.

1. Kipimo

Debe na sado ni vipimo vya ujazo; kilo ni kipimo cha uzito. Sado, yaani kopo la rangi la lita 4, limeshika nafasi iliyokuwa ya pishi na kibaba. Gunia huhesabiwa kuwa kilo 100, lakini likiongezwa kilemba na kushonwa juu huitwa lumbesa. Tuchukue mfano wa kubuni. Gunia la kilo 100 likiuzwa kwa shilingi 60,000, kilo moja ni shilingi 600. Lumbesa la kilo 120 likiuzwa kwa shilingi hizo hizo, kilo moja ni shilingi 500. Mkulima ataambiwa kwamba bei ya gunia haikubadilika, ilhali amepoteza shilingi 100 katika kila kilo. Kwa hiyo hapana budi neno bei lifuatane daima na kipimo chake, nacho kiwe cha uzito.

2. Fahirisi na mfumuko

Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutangaza kila mwezi fahirisi za bei. Fahirisi ni neno lenye asili ya Kiarabu, ambalo pia hutumika kwa orodha ya mambo yaliyomo kitabuni. Katika takwimu ni namba inayolinganisha bei za sasa na bei za mwaka wa kizio, ambao hupewa thamani ya 100. Vitu vinavyopimwa huitwa kapu la bidhaa na huduma, na kila kimoja hupewa uzani kwa kadiri ya matumizi ya kaya.

Mfumuko wa bei umetokana na kitenzi fumuka, kama mshono unavyofumuka. Ni kasi ya kupanda kwa bei, wala si bei yenyewe. Iwapo kilo ya unga ilikuwa shilingi 1,000 mwaka wa kwanza, 1,200 mwaka wa pili na 1,260 mwaka wa tatu, fahirisi yake itakuwa 100, 120 na 126. Mfumuko umepungua kutoka asilimia 20 hadi asilimia 5, lakini unga haukushuka bei hata senti moja. Mama wa nyumbani asikiapo redioni kwamba mfumuko umeshuka, naye anatoa fedha zaidi dukani, hudhani amedanganywa. Yafaa watangazaji waseme: "kasi ya kupanda kwa bei imepungua".

3. Majina ya bei

Enzi za Tume ya Bei, iliyoundwa mwaka 1973, wananchi walitofautisha bei halali na bei ya ulanguzi. Masharti hayo yalipolegezwa kuanzia miaka ya 1980, maneno hayo yalipungua nguvu. Leo husikika bei kikomo, kama ile ya mafuta itangazwayo na EWURA, ambayo muuzaji haruhusiwi kuizidi, na bei elekezi, ambayo kwa maana ya kitenzi chake huongoza bila kulazimisha. Kuyachanganya mawili hayo ni kumnyima mnunuzi silaha ya kudai haki yake.

Tunapendekeza, basi, kwamba kila taarifa ya bei itaje mambo manne: bidhaa, kipimo cha uzito, mahali na tarehe, na ieleze kama ni bei ya jumla au ya rejareja. Sembe isichanganywe na dona, wala mahindi ya Kibaigwa na unga wa dukani. Taarifa iliyokamilika hivyo ndiyo itakayoweza kulinganishwa na ya mwaka ujao.