Kingamwili Yaitafuta Sumu Katika Alizeti

Mkoa wa Singida unajulikana nchini kote kwa alizeti. Kuanzia Iramba hadi Ikungi mbegu hukamuliwa katika viwanda vidogo. Mafuta huliwa na watu, na mashudu hulishwa mifugo. Lakini mbegu zinazohifadhiwa kabla ya kukauka vema huweza kuota kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Kuvu huyo hutengeneza aflatoksini, sumu isiyotambulika kwa macho wala kwa ulimi.

Sumu hiyo ilianza kuchunguzwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga. Hudhuru ini, na ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huweza kuleta saratani. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara inayopakana na Singida, watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafariki kutokana na sumu hiyo.

Viwango vya Afrika Mashariki huruhusu aflatoksini isiyozidi mikrogramu 10 katika kilo moja ya mahindi. Hiyo ni miligramu 10 tu katika tani nzima, yaani magunia kumi ya kilo 100. Kitu kidogo namna hiyo hupimwaje?

Hapa mkemia huazima silaha ya mwili. Mnyama akiingiliwa na kitu kigeni, mwili wake hutengeneza kingamwili, yaani protini zenye umbo la kushikamana na kitu hicho, kama kufuli na ufunguo wake. Molekuli ya aflatoksini ni ndogo mno, na ikiwa peke yake kinga ya mwili haiitambui. Kwa hiyo huunganishwa kwanza na protini kubwa, ndipo mnyama achanjwe. Kingamwili zinazopatikana hugandishwa ndani ya vishimo vya kisahani cha plastiki.

Mbegu husagwa, na sumu huyeyushwa kwa mchanganyiko wa kimiminika kama methanoli na maji. Kisha huongezwa aflatoksini nyingine iliyofungwa kimeng'enya. Hizo mbili hugombea nafasi kwenye kingamwili. Kisahani huoshwa, na hutiwa kemikali ambayo kimeng'enya huigeuza rangi. Mwanafunzi asighafilike: rangi ikikolea, sumu ni kidogo, ikififia, sumu ni nyingi, kwani aflatoksini ya mbegu imekwisha kunyakua nafasi.

Kwa njia hiyo watafiti walipima mbegu zilizokusanywa kwa wakamuaji wadogo kati ya Juni na Agosti 2014. Sampuli za Singida zilikuwa na mikrogramu 1.4 hadi 261.8 kwa kilo. Kiasi hicho cha juu ni zaidi ya mara 26 ya kile kinachoruhusiwa katika mahindi. Kile cha chini chaonyesha kwamba alizeti yenyewe haina kosa.

Joto la jikoni haliiangamizi sumu yote, na ng'ombe aliyelishwa mashudu machafu huipitisha katika maziwa kwa umbo jingine. Kwa hiyo kipimo hutambua hatari tu, hakiiondoi. Kazi ya kuizuia ni ya mkulima: kuanika mbegu juu ya turubai, si juu ya udongo, kuzikausha barabara, na kuzihifadhi mahali pakavu penye hewa.