Jamaa wa Brokoli Katika Bustani za Afrika Mashariki

Brokoli ni shada la maua linalokatwa kabla halijachanua, na tabia hiyo moja yatosha kueleza kwa nini mboga hii ni ghali na adimu katika masoko mengi ya Afrika Mashariki. Vitumba vyake, yaani maua machanga ambayo bado yamefumba, huendelea kupumua kwa kasi hata baada ya kukatwa, hula sukari iliyobaki katika bua, na visipowekwa penye baridi huanza kugeuka manjano ndani ya siku mbili au tatu. Mmea wenyewe haupendi joto, kwani hari ikizidi shada hulegea na maua hufunguka kabla ya wakati, ndiyo maana hustawi katika nyanda za juu kama Limuru na Lushoto, huku mpishi wa Mombasa au Dar es Salaam akiikuta kwenye jokofu la duka kubwa, kwa bei ambayo sokoni ingempatia mafungu kadhaa ya mboga nyingine.

Swali la mboga ipi ishike nafasi yake hujibiwa mara nyingi kwa kutazama rangi na umbo, na jibu la namna hiyo halitoshi, kwa sababu brokoli hufanya kazi zaidi ya moja katika chakula: hutafunika vizuri, hushika mchuzi, huleta vitamini na madini, na hubeba kemikali za salfa ambazo ndizo zilizoipatia sifa katika sayansi ya lishe. Mboga inayoziba pengo katika kazi moja yaweza kuliacha wazi katika nyingine.

Kibotania, brokoli si spishi inayojitegemea, bali ni aina mojawapo ya Brassica oleracea, mmea ambao wakulima wa Ulaya na wa pwani za Mediterania waliuchagulia mbegu kwa karne nyingi, kila jamii ikifuata kiungo ilichokipenda. Waliotaka majani walipata sukuma wiki na jamaa zake, waliotaka majani yaliyofumbatana walipata kabichi, na waliotaka maua walipata koliflawa na brokoli. Undugu huo ni wa karibu kiasi kwamba mimea hii ikipandwa jirani na kuachwa itoe maua, huchavushana na kuzaa machotara.

Palipo na haja ya umbo, basi, koliflawa ndiyo mbadala wa kwanza, kwa kuwa vishada vyake hunasa mchuzi wa nazi au wa nyanya vilevile, na huiva kwa muda unaokaribiana. Palipo na haja ya kutafunika tu, kama katika wali wa kukaanga uliochanganywa na mboga, maharage machanga ya kijani yanafaa, na hata mabua manene ya sukuma wiki, ambayo wengi huyatupa, yakimenywa ganda na kukatwa vipande vyembamba hutoa ladha iliyo karibu sana na ya bua la brokoli.

Katika vitamini na madini, hesabu hubadilika. Gramu 100 za brokoli mbichi zina takriban miligramu 89 za vitamini C, ilhali koliflawa ina 48 hivi na kabichi 37, hivyo anayeibadili brokoli kwa koliflawa hupoteza karibu nusu ya vitamini hiyo. Kwa upande wa kalisi, yaani madini ya mifupa na meno, brokoli ina miligramu 47 tu, na majani ya aina ya sukuma wiki huipita mbali kwa kufikia 230 hivi. Mchicha nao una kalisi ya kukaribia kiasi hicho, lakini una pia oksaleti, chumvi ya asidi ambayo huishika kalisi tumboni na kuizuia isifyonzwe. Athari hiyo imepimwa kwa makini katika spinachi, ambayo mwili hufyonza takriban asilimia 5 tu ya kalisi yake, wakati katika majani ya jamii ya sukuma wiki kiwango hicho hufika asilimia 40 au zaidi. Mchicha ni mboga njema kwa mambo mengi, ila kuuhesabu kuwa sawa na sukuma wiki katika kalisi ni kosa.

Kazi ngumu zaidi kuipatia mbadala ni ile ya salfa. Mwaka 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, wakiongozwa na Paul Talalay, walitangaza kwamba wametenga kutoka katika brokoli kiambata kiitwacho salforafani, ambacho huzichochea seli kutengeneza vimeng'enya vya kinga, yaani protini zinazoharakisha kazi ya kuzidhoofisha sumu na kuzitoa mwilini. Salforafani yenyewe karibu haimo katika brokoli ambayo haijakatwa. Kilichomo ni glukorafanini, mojawapo ya glukosinolati, ambazo ni molekuli zenye sukari na salfa, na mmea huzitenga mbali na kimeng'enya kiitwacho mairosinasi. Kiwavi akitafuna, au kisu kikipita, seli hupasuka, vitu hivyo viwili hukutana, na papo hapo huzaliwa kemikali kali za kundi la isothiosianati, salforafani ikiwa mojawapo, ambazo kwa mmea ni silaha dhidi ya wadudu, na kwa mlaji ni ule ukali wa haradali unaopanda hadi puani.

Ushahidi kwa binadamu upo, ingawa una mipaka. Katika jaribio lililofanyika Qidong nchini China na kuchapishwa mwaka 2014, watu 291 walipewa vinywaji kwa wiki 12, na wale ambao kinywaji chao kilikuwa na dondoo la miche michanga ya brokoli walitoa katika mkojo mabaki ya benzini, sumu iliyomo katika hewa chafu, kwa asilimia 61 zaidi ya wenzao. Miche ya siku chache huwa na glukorafanini nyingi mno kuliko shada lililokomaa, kwa hiyo haifai kuahidi kwamba sahani ya mboga iliyopikwa italeta matokeo hayohayo.

Jamaa wa brokoli wanaoota Afrika Mashariki wana glukosinolati zao wenyewe. Wa kustaajabisha zaidi ni loshuu, mboga ya majani inayojulikana sana Arusha, ambayo wanasayansi huiita Brassica carinata. Mwaka 1935 mtaalamu Nagaharu U alionyesha kwamba mmea huu ulitokana na kuungana kwa spishi mbili, haradali nyeusi yenye jozi 8 za kromosomu na Brassica oleracea yenye jozi 9, na kweli loshuu ina jozi 17. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya kromosomu za loshuu zimetoka katika spishi ileile ya brokoli, huku ukali wake ukifanana na wa haradali, kwa kuwa glukosinolati yake kuu ni sinigrini.

Nje ya ukoo wa kabichi, ila ndani ya oda ileile, yaani kundi linalokusanya koo kadhaa zilizo jamaa, wamo mgagani, mlonge na hata mpapai. Anayetafuna mbegu mbichi ya papai huonja undugu huo mara moja, maana ukali unaomchoma ulimi unatokana na isothiosianati. Mlonge una glukosinolati iitwayo glukomoringini, ambayo mazao yake ni thabiti kuliko salforafani, na watafiti wa Johns Hopkins walewale waliochunguza brokoli wamejishughulisha nayo pia. Mgagani una uchungu unaowashinda walaji wengi, ndiyo maana magharibi mwa Kenya huchemshwa kwa muda mrefu kisha hutiwa maziwa. Maji ya kwanza yakimwagwa, uchungu hupungua, lakini sehemu kubwa ya vitamini C na ya glukosinolati huondoka nayo.

Hapa ndipo namna ya kupika inapozidi uzito wa jina la mboga. Mairosinasi huharibika kwa moto, hivyo mboga ikitumbukizwa nzima katika maji yanayochemka, kimeng'enya hufa kabla ya kukutana na glukosinolati, na kazi hubaki kwa bakteria wa utumbo, ambao huifanya kwa kiasi kidogo tu. Wauza mboga wa Nairobi wanaokunja majani ya sukuma wiki na kuyakatakata nyuzi nyembamba kwa kisu kikali huanzisha mmenyuko huo bila kukusudia, na majani hayo yakikaa nusu saa hivi kabla ya kuwekwa motoni, isothiosianati huwa zimekwisha kuundwa. Kinachopunguza faida ya majani hayo ni kuyaosha baada ya kuyakata, kwani maji huondoka na vitamini C kupitia kila mkato. Yafaa kuosha kwanza, kisha kukata, kisha kusubiri. Kwa mboga iliyokwisha kupikwa, haradali kidogo ya unga iliyonyunyizwa mezani hurudisha mairosinasi, na majaribio yamethibitisha kwamba huongeza salforafani katika brokoli iliyochemshwa.

Wako watu ambao kwao ubadilishaji huu unahitaji uangalifu. Glukosinolati kadhaa zikivunjika hutoa vitu vinavyoizuia tezi ya thairoidi kupata iodini, jambo ambalo halina uzito kwa anayetumia chumvi yenye iodini na kupika mboga zake, lakini lina maana kwa anayekula majani mabichi kwa wingi huku akikosa madini hayo. Wagonjwa wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, wanahusika zaidi, kwa sababu vitamini K hupunguza nguvu ya dawa hiyo: gramu 100 za brokoli mbichi zina takriban mikrogramu 100 za vitamini hiyo, na majani ya aina ya sukuma wiki huwa na zaidi ya 400, kwa hiyo mgonjwa wa namna hiyo hana budi kumwarifu daktari wake kabla ya kuanza kula moja mahali pa nyingine kila siku.