Mkaa: joto linalouzwa kwa gunia

Mkaa unaoshushwa Dar es Salaam kutoka Morogoro, Tanga au Lindi ni mwanga wa jua uliowekwa akiba. Mti uliukusanya kwa miaka mingi, ukauhifadhi ndani ya ubao kama nishati ya kikemikali. Nishati haizaliwi wala haifi. Huhama tu kutoka ghala moja kwenda jingine, na kila inapohama, sehemu yake hutoroka kama joto lisilomfaa mtu. Katika biashara ya mkaa, sehemu kubwa zaidi hutoroka porini, mahali ambapo hakuna anayeilipia.

Kilo moja ya kuni kavu ina nishati ya karibu megajuli 16. Kilo moja ya mkaa ina karibu 29. Tofauti hiyo ndiyo inayolipa nauli ya lori. Isitoshe, mkaa hauozi, hauliwi na mchwa, na mama lishe huweza kuuwasha barazani bila kuwafukuza wateja kwa moshi.

Gharama yake hujificha kwenye tanuri. Magogo hupangwa, hufunikwa kwa nyasi, kisha udongo, na kuachwa matundu machache ya hewa. Siku za mwanzo hutoka moshi mweupe mzito: ni maji ya mti yanayofukuzwa, na kila kilo ya maji hula zaidi ya megajuli 2. Moshi ukishakuwa mwembamba wa samawati, mchomaji huziba matundu yote. Akichelewa, au udongo ukibomoka usiku, hewa huingia na mzigo wote hugeuka majivu. Ni kazi ya kukesha, inayohitaji jicho la fundi, na malipo yake ni madogo.

Hata tanuri likienda vizuri, kilo moja ya mkaa huhitaji kilo 5 hadi 10 za kuni. Kwa kilo 8, zinaingia megajuli 128 na kutoka 29. Zaidi ya robo tatu imeishia hewani. Kuni mbichi huzidisha hasara, na mchomaji mwenye njaa hana muda wa kusubiri zikauke. Bei ya gunia mjini huhesabu usafiri, ushuru na faida ya wachuuzi. Joto lililoachwa porini halimo, na hilo ni kosa kubwa la hesabu.

Jiko la bati tupu huongeza upotevu: joto hupenya ukutani na kupaa pembeni mwa sufuria, na takriban moja ya tano tu huingia kwenye chakula. Majiko banifu yenye kikombe cha udongo ndani, mfano wa lile lililobuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, huzuia upotevu huo na kuokoa mkaa mwingi kwa gharama ndogo.

Serikali ya Tanzania ilizindua Mei 2024 mkakati unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Umeme umo, hasa baada ya bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Jiko la presha la umeme huivisha nusu kilo ya maharage kwa chini ya uniti moja ya umeme.

Mshindani mkubwa wa mkaa mjini, hata hivyo, ni gesi ya mitungi. Kilo yake ina megajuli 46, na zaidi ya nusu hufika kwenye sufuria. Mtungi mdogo wa kilo 6 hufanya kazi ya zaidi ya kilo 20 za mkaa kwenye jiko la bati. Ugumu upo kwenye malipo: mtungi hujazwa kwa mkupuo, ilhali mkaa hununuliwa kwa kopo, kiasi cha chakula cha jioni. Ndiyo maana baadhi ya kampuni Dar es Salaam zilifunga mita kwenye mitungi, mteja akalipia kwa simu gesi ya siku ile tu.