NYIMBO ELFU MOJA KWENYE UKUCHA, MSANII MFUKONI HANA KITU!

MWAKEYE, msomaji wangu! Wewe wa Dar usikunje uso, hiyo ni salamu ya Kiha. Wiki hii safu yako imepanda milima mpaka Kasulu na Kibondo, kule Kigoma ya juu ambako asubuhi mtu anavaa sweta na juu yake koti, halafu bado anasugua mikono. Hatukufuata migebuka wala maharage. Tumefuata swali moja dogo lenye mshiko mkubwa ndani yake: kijana wa huko akitaka wimbo mpya anaupata wapi, na hela anayotoa inaishia kwa nani?

Mtoto wa mjini atajibu haraka haraka: siku hizi si ni intaneti tu, unabonyeza, wimbo huo! Sawa, mjanja wetu. Sasa shuka stendi ya Kasulu, tembea kidogo kuelekea sokoni, fuata kelele. Utakuta kibanda cha mbao, sabufa imegeuziwa barabarani, ndani kuna kompyuta iliyofutika herufi kwenye vibonyezo, na kibao cha mkono: "Tunaingiza nyimbo, tunachaji simu." Mteja anafika, anafungua mgongo wa kiswaswadu chake, anachomoa memori kadi iliyo ndogo kama ukucha, anaikabidhi. Wapo wanaotaja wasanii mmoja mmoja. Wengi wanasema tu "nijazie". Baada ya dakika kumi jamaa anaondoka na nyimbo za kumtosha mpaka msimu mwingine wa mavuno, kwa hela isiyozidi chai na maandazi. Intaneti hajaigusa hata kwa kidole!

Aliyeigusa ni mwenye kibanda. Yeye ndiye anayenunua bando, tena mara nyingi la usiku ambalo ni nafuu, anakesha anapakua, na kukicha anagawa. Anaushusha wimbo mara moja, anawapa watu mia. Ina maana wimbo unaochezwa na kila bodaboda wa Kasulu, kwenye hesabu za huko mtandaoni unaonekana umepakuliwa na mtu mmoja tu. Hapo ndipo kasheshe inapoanzia.

Kanda nayo ilipanda mlima hivyo hivyo

Kabla hujamwita kijana wa kibanda mwizi, waulize kaka zako na baba zako wadogo. Miaka ya 1990 kulikuwa na vibanda vile vile, ila ndani hakukuwa na kompyuta, kulikuwa na deki mbili zinazoangaliana. Unapeleka kanda tupu na karatasi yenye orodha ya nyimbo, unaambiwa urudi kesho. Bendi zetu kwa miaka mingi zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo hizo hizo zilidurufiwa na kuuzwa mitaani mchana kweupe bila mpiga gitaa kuambulia hata nauli. Sheria ya hakimiliki ilikuwepo tangu mwaka 1966, lakini ilikuwa kama mbwa asiye na meno. Kwa hiyo kanda ilipofika Kibondo, imefungwa juu ya keria ya basi pamoja na magunia na kuku, ilikuwa tayari imeshaibiwa mara tatu njiani.

Na ilikuwa inasikilizwa kwa taabu, si utani. Sony walitoa Walkman yao mwaka 1979, na mtu kutembea na muziki masikioni ikawa ndiyo umaridadi dunia nzima. Huko milimani umaridadi ulikuwa redio kaseti ya begani na betri za mkaa, ambazo zikiisha nguvu zinaanikwa juani zitoe japo nyimbo mbili za mwisho. Umeme? Mpaka mwaka 2022 mkoa wa Kigoma ulikuwa nje ya gridi ya Taifa. Miji kama Kasulu na Kibondo ilikuwa inanguruma na majenereta ya dizeli, vijijini ni sola au giza. Ukijua hilo, hutashangaa kwa nini watu wa huko walimpenda yeyote anayeweza kukuchajia simu na kukuwekea nyimbo kwa mkupuo mmoja.

Kitu kingine ambacho Dar hawakijui ni kwamba huku muziki hautoki upande mmoja. Burundi ni hapo tu mlimani. Kiha na Kirundi ni kama mtu na mdogo wake, wimbo wa Bujumbura haumhitaji mkalimani Kasulu. Vita ya Burundi ya mwaka 1993 ilileta wakimbizi kwa maelfu, na mwaka 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, kwa ajili ya Wakongomani. Watu walikimbia bila godoro lakini na rumba lao kichwani. Mwaka 1995 Wajesuti wanaohudumia wakimbizi walianzisha Radio Kwizera kule Ngara, na matangazo yake yakashuka mpaka milima hii. Ndiyo maana ukimwambia kijana wa kibanda akujazie mchanganyiko, utakuta Bongo Fleva, kwaya, rumba la Kongo na Kirundi vimelala kitanda kimoja bila ugomvi.

Hesabu ya ukucha

Tufanye hesabu kidogo, usikimbie. Wimbo ulioshindiliwa kwa mtindo wa MP3, ule ubora wa kawaida wa mtaani, unakula karibu megabaiti moja kwa kila dakika. Kwenye CD halisi dakika hiyo hiyo inakula kama mara kumi zaidi. Sasa memori ya GB 4 ukiijaza nyimbo za dakika nne nne unapata kama nyimbo elfu moja. Kanda ya dakika 60 ilibeba nyimbo kama 15. Yaani ule ukucha umebeba kanda zaidi ya 60, sanduku zima, na hauna utepe wa kukatika ukauganga kwa rangi ya kucha ya dada!

Wazungu nao mzimu huu uliwahenyesha. Mwaka 1999 ilitokea programu ya Napster, watu wakaanza kugawiana nyimbo bure kupitia kompyuta, makampuni yakapiga yowe mpaka mahakamani, na mwaka 2001 ikafungwa. Mwaka huo huo Apple wakatoa iPod, na mwaka 2003 wakafungua duka la mtandaoni la kuuza wimbo mmoja mmoja kwa senti 99 za Kimarekani. Watu wakanunua, kwa sababu ilikuwa rahisi na walikuwa na kadi za benki. iPod yenyewe iliachwa kutengenezwa mwaka 2022, na nadhani waliowahi kuishika Kibondo unaweza kuwapakia wote kwenye Noah moja wakaenea. Kilichofika huku ni simu za bei chee zenye kitundu cha memori, redio ndogo za kuchomeka flashi, na pikipiki yenye spika chini ya tanki. Duka la senti 99 halikufuata.

Sasa maduka yamekuja. Mdundo, waliozaliwa Nairobi, wanakuachia upakue wimbo bure huku tangazo likilipia, na mwaka 2020 waliingia hadi kwenye soko la hisa la Copenhagen. Boomplay umeikuta imeshawekwa ndani ya simu nyingi za Tecno. Spotify walifungua milango Tanzania mwaka 2021. Kwa wenye majina makubwa hii ni neema, kwa kuwa kila ukibonyeza unahesabiwa, hata ukiwa kijijini Makere.

Lakini malipo ya kusikilizwa mara moja ni kipande cha senti ya Kimarekani. Na kuna hili ambalo wachanga wengi hawajalisikia: tangu mwaka 2024, wimbo ambao haujasikilizwa walau mara 1,000 ndani ya miezi 12, Spotify hawaulipi kitu. Sifuri! Mwimbaji wa Kiha ambaye mashabiki wake wote wanatumia viswaswadu atazipata wapi hizo mara elfu? Anaweza kuwa ndiye mfalme wa harusi zote kuanzia Heru Juu mpaka Mabamba, na huko mtandaoni akaonekana kama hajazaliwa.

Mwizi ndiye redio yake

Hapa ndipo nilipokaa nikashika tama. Kigoma haikosi nyota, hilo kila mtu anajua. Mwaka 2012 waliungana kwa jina la Kigoma All Stars wakatoa wimbo ulioitwa Leka Dutigite, jina la Kiha kabisa, na nchi nzima ikautamka hata bila kujua maana. Ila wale walishakuwa mastaa wa Dar kabla ya kuukumbuka mkoa wao. Ninayemzungumzia mimi ni yule aliyebaki. Amejikusanyia vihela vya maharage, ameingia studio ya chumba kimoja, ametoka na wimbo wake kwenye flashi. Redio za Dar hazimjui. Unadhani anakimbilia wapi? Anakwenda pale pale kwenye kibanda, kwa huyo huyo tunayemwita mwizi, na anambembeleza amuingize kwenye "nijazie" za wateja!

Akiingizwa, anapona. Kadi mia zikitoka zina wimbo wake, mwezi ujao anaitwa kwenye harusi, mwezi unaofuata kwenye mnada. Hapo ndipo kwenye mkate wake. Na usiniambie lugha ya nyumbani haiuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Saida Karoli aliimba Kihaya, na waliokuwa wakikata viuno Mtwara hawakuwa Wahaya.

Wanaofaidi moja kwa moja ni wanakwaya. Kwaya inarekodi, inasimama mlangoni mwa kanisa baada ya ibada na kuuza CD zake, siku hizi na flashi, mkono kwa mkono. Muumini analipa bila kinyongo kwa vile anayemuuzia ni binti wa jirani yake na atamwona tena Jumapili. Ile aibu ya kumwibia mtu unayemjua inafanya kazi kuliko polisi.

Maana serikali imejaribu. Mwaka 1999 ilitungwa sheria mpya ya hakimiliki, ndiyo iliyotuzalia COSOTA. Mwaka 2013 zikaja stempu za TRA kwenye kazi za muziki na filamu, wakati ambapo nyimbo zenyewe zilishaanza kuhama kwenye CD na kuingia kwenye kadi, na kadi utaibandika stempu wapi? Mwaka 2016 mahakama ya Ilala iliamuru kampuni moja ya simu iwalipe AY na MwanaFA zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa nyimbo zao kufanywa miito bila ridhaa, na makampuni yote yakashtuka usingizini. Januari 2022 wasanii wakagawiwa mirabaha ya nyimbo zinazopigwa redioni. Mambo mazuri. Ila hakuna hata moja kati ya hayo lililowahi kupiga hodi kwenye kibanda cha mbao cha Kasulu.

Kumkamata kijana wa kibanda ni rahisi, na wapo wanaotaka iwe hivyo. Mimi nasema ukimkamata umezima redio ya mwimbaji wa Kiha, na mteja wake hatahamia Spotify, atahamia kwa jirani amrushie kwa bluetooth. Mbona tulipotaka hela zifike vijijini hatukukamata watu, tuliwafanya mawakala? Kibanda hicho hicho leo kinatoa na kuweka pesa kwa simu, na kila shilingi inaonekana makao makuu. Kinashindikana nini kumpa leseni ya kujaza nyimbo, alipe kidogo kwa mwaka, awe na orodha ya anachouza, na mwimbaji wa Kibondo awemo kwenye orodha kwa jina lake? Labda ni ndoto za mtu wa kidato cha nne. Lakini hata wakala wa pesa kuna waliomcheka.

Kitu kinachonipa haraka ni kwamba vibanda vyenyewe vinazeeka. Simu nyingi mpya hazina tena kitundu cha memori, na kila bando likishuka bei kijana mmoja anaacha kuja kujaziwa. Baadhi ya wenye vibanda wameshageukia kuuza kava za simu. Siku wakifunga wote, orodha ya nyimbo za Kiha iliyomo kwenye zile kompyuta zao kuukuu haipo mahali pengine popote, na kompyuta zenyewe zitauzwa kwa kilo.

Basi wewe mwenye wimbo wako huko milimani, wakati wakubwa wanafikiria, nenda kausajili COSOTA, na uuweke hata huko mtandaoni wasikosako. Ukishafika kibandani na flashi yako, usikubali faili liitwe "Track 01". Liandike jina la wimbo, jina lako, na namba ya simu. Mtoto wa watu akiusikia kwenye bodaboda ya Kibondo na anaoa mwezi wa nane, atasoma kwenye kioo, atapiga.